Mama Mkwe na Spika ya Kati

Mama mkwe wangu hajui Kichina, hajui Kihindi, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Hata hivyo, kwa muda wote niliokaa naye hapa Juba, yeye ndiye anayetutafsiria filamu.

Jumapili baada ya kanisa, watu wakishakula, huvuta kiti chake cha plastiki hadi kando ya televisheni, akaketi akitutazama sisi badala ya kioo. Filamu yenyewe huitupia jicho la pembeni tu. Mikono yake wakati wote huo inatarizi milaya, yale mashuka ya maua ambayo wanawake wa hapa huyatandika kitandani mgeni anapokuja, na ambayo mama mkwe wangu huyatandika hata juu ya friji. Mtu akifungua mdomo kwenye kioo, yeye tayari anajua amesema nini.

Ufundi huu aliutoa Nairobi, alikowalea wanawe wakati wa vita vya hapa. Huko kulikuwa na vibanda vya video ambamo mtu mmoja huongea juu ya filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akitia chumvi kila mahali. Aliporudi nyumbani Juba hakurudi na mali nyingi, ila hiyo sanaa alirudi nayo, na akaizidisha. Wale wa vibandani angalau walijaribu kuifuata hadithi. Mama hafuati hadithi ya mtu.

Nakumbuka filamu moja ambapo jamaa alikuwa anatokwa na jasho mbele ya bomu, mkasi mkononi, waya nyekundu huku, ya buluu kule. Mama akasema huyo ni fundi umeme, ameachwa na mkewe kwa sababu nyumba haina taa, sasa anahangaika kuiwasha kabla bibi hajapanda basi. Jirani yetu, Mganda mwenye saluni lango la pili, alikuwa ameshika kifua. Lile bomu lilipolipuka, Mama aliuma uzi kwa meno na kusema kwa upole, "Bibi ameenda." Jirani alilia machozi ya kweli. Mimi pia, sitaki kudanganya.

Mambo yalikwenda hivyo kwa sababu televisheni yetu ilikuwa na sauti ya mgonjwa, na jenereta za mtaa wetu wa Nyakuron zilimeza hata hiyo kidogo. Filamu zenyewe zinatoka soko la Konyo Konyo, zimejazwa kwenye flashi, zimetiwa Kiingereza, bila maandishi chini. Hakuna aliyesikia kitu. Mama alikuwa na uwanja wake peke yake.

Kisha mume wangu akanunua mashine.

Mume wangu ni mtu wa benki, na anapenda kila kitu kiwe kama kilivyoandikwa. Alifika na boda mbili, yeye ameikumbatia wufa, lile boksi la besi, kama mtoto mgonjwa, boda ya pili imebeba maboksi. Spika tano na hiyo wufa. Mbili ndefu za kusimama, kushoto na kulia kwa televisheni. Mbili ndogo za kutundikwa nyuma ya makochi, ili farasi wakikimbia kwenye filamu wakupite masikioni. Na moja ya kati, pana, ya kulala kwa ubavu chini ya kioo.

"Hii ndiyo kubwa yao," alinieleza akiipangusa. "Maneno yote ya filamu yanatoka hapa. Hizo zingine ni za muziki na makelele. Sasa tutasikia vile watu wanasema, si vile Mama anasema."

Alisema akicheka. Mama alikuwa mlangoni, na hakucheka.

Jumapili ya kwanza ilikuwa msiba. Kwenye filamu palikuwa na mwanamke kitandani, analia, na mwanamume aliyevaa koti jeupe amemshika mkono. Mama akaanza kutueleza kwamba huyo ni shemeji yake, amekuja kumwambia kwamba mumewe ameoa mwingine huko mbali. Chini ya kioo, sauti nene, safi kabisa, ikamwambia yule mama kwa Kiingereza kwamba amejifungua mapacha.

Jirani wa saluni alijikuna kichwa. "Lakini Mama, mimi iko nasikia anasema mapacha."

Sindano ya Mama ilisimama hewani. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaitazama spika.

"Basi msikilize hiyo sanduku," akasema. "Khalas. Mimi nimemaliza."

Akainuka na kiti chake, akaenda nacho jikoni. Jumapili zilizofuata alikaa huko huko akichambua majani ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Sebuleni tuliketi kimya kama watu wa benki ya mume wangu, tukisikia kila neno. Nikagundua filamu zile ni za kipumbavu sana. Jirani alikuja mara moja, halafu akawa na wateja wengi ghafla.

Kisha sanduku la nguo la Mama likashuka kutoka juu ya kabati na kusimama karibu na mlango wa chumba chake. Akaanza kuzungumza habari za Rejaf, kwa mdogo wake, anayelima bamia karibu na mto. Huko kuna hewa, alisema. Huko kuna samaki wa asubuhi. Siku nyingine, nikiosha vyombo, akaniambia bila kuniangalia, "Na huko hata kuku wananisikiliza."

Nasema wazi: sikutaka aende. Watu husikia neno mama mkwe wakanionea huruma, na mimi huiacha huruma hiyo ipite bila kuipokea. Nilipokuja Juba kufundisha, bibi harusi kutoka Kenya nisiyejua neno moja la Kiarabu cha hapa, yeye ndiye aliyenishika mkono kule Konyo Konyo na kunitafsiria wauzaji. Huyu anasema umependeza, huyu anasema karibu nyumbani, yule pale anasema nywele zako zimesukwa vizuri. Nilikaa muda mrefu nikiamini hilo ni soko la watu wapole kupita wote duniani. Nilipoanza kukielewa Kiarabu chenyewe ndipo nikajua walichokuwa wakisema juu yangu, na juu ya vile Wakenya tunavyominya nyanya za watu. Sikuwahi kumwuliza. Lakini ule mji alionitafsiria ndio uliofanya nikabaki.

Basi nyumba ikiwa katika hali hiyo, sanduku mlangoni na Rejaf kila mlo, spika ya kati ikaugua.

Ilikuwa Jumapili kama nyingine. Farasi wakatupita masikioni vizuri, wufa ikatikisa vikombe kabatini, muziki ukajaa nyumba. Mfalme akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Yaani kilitoka, lakini chembamba, mbali, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Hilo la blanketi nililisema mimi mwenyewe, kwa sauti, sina hili wala lile.

Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Kef? Sot mafi?" aliuliza. Vipi, sauti hakuna?

"Iko chini sana, Mama," mume wangu akasema. "Sijui nini imeingia."

"Ya jamaa. Malesh," akatupa pole kwa masikitiko makubwa, akaweka mwiko chini. Kabla mfalme hajamaliza hotuba yake, kiti cha plastiki kilikuwa kimerudi mahali pake, na mfalme alikuwa anamlaumu mpishi kwa kumwekea chumvi mara mbili. Jirani, sijui nani alimwita, alikuwa mlangoni na stuli yake. Jioni ile nilipopita chumbani kwa Mama, sanduku lilikuwa limerudi juu ya kabati.

Mtu mwingine angejumlisha hapo hapo. Mimi nina ugonjwa wangu: kitu kikiharibika mbele yangu, akili yote huhamia kwenye hicho kitu. Nina kiherehere cha kutengeneza. Nikimwona mtu amepiga magoti nyuma ya televisheni siwezi kukaa kwenye kochi, lazima na mimi nipige magoti. Kwa hiyo wiki ile mimi na mume wangu tuliishi nyuma ya televisheni.

Tulianza na rimoti. Kwenye menyu ya mashine kila spika ina kiwango chake, na ya kati ilikuwa sawa na wenzake. Tukaipandisha hadi mwisho. Mfalme akasikika kidogo, na mvumo mwingi nyuma yake.

"Ni waya," nikasema.

"Zi, si waya," mume wangu akasema. Tukaichomoa, tukaichuna upya, tukairudisha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Haikuwa waya. Alinitazama kwa namna ambayo bado namdai.

Kisha tukaiwasha ile kelele ya majaribio ambayo mashine huizungusha spika hadi spika, shhh ya kushoto, shhh ya kati, shhh ya kulia, ukutani nyuma, na kurudi. Kushoto ilikuwa shhh ya mwalimu mkali. Kati ilikuwa shhh ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mama alipita na ufagio, akasimama kusikiliza mzunguko mzima.

"Hii vitu ya siku hizi haina maisha marefu," alisema. "Iacheni ipumzike tu."

Mwisho tukafanya jambo ambalo tungelifanya kwanza kama tungekuwa na akili: tukabadilishana. Ile ndefu ya kushoto tukaifunga kwenye waya za kati, na ya kati tukaifunga kushoto. Papo hapo mfalme akanguruma kutoka kwenye ile ndefu, kila neno wazi, na muziki wa kushoto ndio ukaingia chini ya blanketi. Basi mashine ilikuwa nzima, waya nzima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya spika yenyewe, ukahama nayo kokote ilikokwenda.

Nilitaka tuiache ile ndefu katikati, lakini ilisimama mbele ya kioo na kukata picha, tukawa tunaona nusu ya kila uso. Na mume wangu naye hakutaka kusikia. Boksi lilichora ya kati mahali pa kati. "Jumamosi naipeleka kwa fundi Konyo Konyo aifungue," akasema. "Jumapili nimealika watu wa kazini, na mkubwa wangu anakuja. Siwezi kuwaonyesha mfalme bubu."

Mama alikuwa anatarizi. Nilimwona akishona ua moja mara mbili juu ya lenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Siku moja katikati ya wiki nilirudi mapema kutoka shule. Mama alikuwa amekwenda Konyo Konyo kutafuta nyuzi. Nyumba ilikuwa tupu, spika ilikuwa pale, na mimi ni mimi. Kwa nini fundi apate raha ya kuifungua peke yake?

Sikuhitaji hata bisibisi. Kile kifuniko cha mbele, fremu yenye kitambaa cheusi, kimeshikwa na vijiti vinne vya plastiki tu pembeni. Ukivuta kwa kucha kinatoka. Nikakigeuza, na nyuma yake nikakuta blanketi.

Blanketi kweli. Kipande cha blanketi letu la kahawia, lile lililopotea kona moja tukawasingizia panya, kimekunjwa mara kadhaa, kikakatwa kwa kipimo cha fremu, kikapindwa ukingo pande zote, na kushonwa kwenye kitambaa cheusi kwa uzi mweusi. Mishono ilikuwa midogo, imekaza, imelala mstari mmoja kama mchele uliopangwa. Kwa nje usingeona kitu. Nani angeona? Na katikati ya blanketi, upande ule unaotazama ndani, gizani, ambako hakuna binadamu angetia jicho mpaka mwisho wa dunia, palikuwa na ua jekundu la petali tano na jani la kijani.

Nilikaa sakafuni nikacheka hadi nikashika mbavu. Mwanamke ameingia kwenye kazi ya siri, kazi ya kuharibu mali ya mwanawe, na hata hivyo ameshindwa kuiacha nguo ikae bila ua. Ukimpa Mama kamba ya kujifunga ataitarizi.

Kisha nikachukua mkasi, nikakata mishono, nikalitoa blanketi, nikawasha mashine. Mfalme akaongea. Ah, ilikuwa sauti nzuri, lazima nimpe mume wangu haki yake; ilijaa chumba bila kupiga kelele, ungesikia mpaka mtu akimeza mate. Nikajihisi mtu. Wiki nzima tumetambaa nyuma ya televisheni, nimedharauliwa juu ya waya, na sasa nimeponya mgonjwa kwa kucha zangu mwenyewe. Simu ilikuwa mkononi tayari. Nilikuwa natafuta namba ya mume wangu, nikipanga maneno ya kumwambia, na maneno yalikuwa matamu.

Macho yangu yakaangukia lile ua, miguuni pangu.

Nikamwona akilini Mama amesimama mbele ya mwanawe, na mkubwa wa benki labda, na kile kipande cha blanketi mezani kati yao. Hangelia. Angesema khalas kwa sauti ya chini, na sanduku lingeshuka, na kesho yake angekuwa Rejaf akiwatafsiria kuku. Na mimi ningebaki hapa na mfalme.

Nikazima simu. Iliniuma, msifikiri haikuniuma. Nilikuwa nimeshinda na sina wa kumwambia.

Tatizo la pili ni kwamba sijui kushona. Nyumbani kwetu vifungo vilishonwa na kaka yangu. Nikatafuta kwenye kikapu cha Mama, uzi mweusi umekwisha, ndiyo maana alikwenda sokoni. Nikachukua wa buluu iliyokolea, nikajiambia gizani nani atajua. Nikalirudisha blanketi, ua likitazama ndani, nikashona nikijichoma na kulaani kwa lugha tatu. Nilikuwa nabana kijiti cha mwisho cha kifuniko lango lilipogongwa.

"Umeshinda vipi, binti yangu?" Mama akauliza, akitua mfuko wake.

"Salama, Mama."

"Na mgonjwa?" Akaelekeza kidevu kwa spika.

"Bado yuko vile vile."

Akaangalia kidole changu, nilichokuwa nakinyonya damu. "Umejikata?"

"Kitunguu, Mama."

Jikoni hakukuwa na kitunguu wala sufuria motoni. Akasema pole, akaenda kuvua viatu.

Fundi nilimmaliza kirahisi. Jioni nilimwonyesha mume wangu ile karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa spika, inayosema ukiifungua tu, garantii imekufa. Mtu wa benki humtishi kwa kitu kingine. Uso ulimbadilika. Alipiga simu dukani, wakamwambia airudishe, wataituma Kampala, na hawajui itarudi lini. Aliamua ibaki mpaka wageni wapite. Ikabaki. Jumamosi nilimwona Mama akifuta vumbi kwenye meza ya televisheni, pale spika inapolala, akaifuta muda mrefu sana kwa meza ndogo vile, mgongo ametugeuzia.

Wageni walifika na soda, na viatu vilivyong'aa. Mkubwa wa benki akapewa kochi la katikati. Mume wangu akaomba radhi mapema: ya kati inasumbua, lakini iko ndani ya garantii. Filamu ilikuwa ya majumba ya kifalme, na farasi, na mwanamwali aliyeletwa kuolewa mbali na kwao. Farasi wakatupita masikioni. Malkia mzee akafungua mdomo, na nyumba nzima ikainama mbele kusikiliza hewa.

"Anasema nani ameacha lango wazi," Mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mbuzi wote wametoka."

Mkubwa wa benki aligeuka kumtazama. Malkia akapunga mkono kwa hasira, Mama akawataja mbuzi mmoja mmoja kwa tabia zao. Muda si muda yule mzee alikuwa amelegeza tai, anajifuta macho, anauliza, "Na huyu wa upanga, Mama, huyu anataka nini?" Jirani wa saluni alimjibu kabla ya Mama. Mume wangu alikaza uso mwanzoni, halafu nikamwona mabega yanamtikisika. Amekulia kwenye hadithi hizo, hata kama benki imemsahaulisha.

Karibu na mwisho, malkia mzee alimwita yule mwanamwali, akamshika uso kwa mikono miwili, akaanza kumwambia jambo refu. Wufa ilinyamaza. Mama akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya wakati wa filamu: akaweka sindano chini. Hakuangalia kioo hata kidogo. Aliniangalia mimi.

"Anamwambia, binti yangu, wewe unashona kama mtu anafunga gunia ya makaa," akasema. "Uzi ya buluu kwa nguo nyeusi! Kwenu hakuna macho? Lakini nimeona ile umefanya. Nimeona, na nimeshika hapa ndani. Sasa mimi siendi mahali. Mpaka Mungu aniite, niko na wewe kwa hii nyumba."

Wageni wakaangua kicheko kwa lile gunia la makaa. Jirani akapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka uso wangu.

Mume wangu aliniinamia sikioni. Alikuwa amekazia macho midomo ya malkia, anajaribu kuisoma.

"Kwani amesema hivyo kweli?"

"Neno kwa neno," nikamwambia.